KUTEMBEA MILIMANI NA WENZI WETU KUTAZAMA WANYAMA



Watu wengi wa vijijini hudhani kwamba kutembelea hifadhi ya wanyama ni jambo la wageni kutoka nchi za nje na watu wa mjini wenye magari. Mtu wa jembe, eti atakwenda kutafuta nini huko? Wanyama anawaona bure shambani kwake, tena wanamla mahindi.

Dhana hiyo si sahihi. Katika nchi yetu ya Tanzania iko hifadhi ambayo haina barabara za kutalii kwa gari. Mwenye gari huliacha mlangoni. Tajiri na maskini wote hupanda mlima kwa miguu yao. Na kwa habari ya miguu, sisi watu wa vijijini hatuna wa kutufundisha. Hifadhi hiyo ni Milima ya Udzungwa.

Katika makala hii tutaeleza mambo manne. Kwanza, Udzungwa ni mahali gani. Pili, kuna wanyama gani. Tatu, jinsi mume, mke na rafiki zao wanavyoweza kutembea pamoja hata wakawaona wanyama hao. Nne, namna ya kujikinga na hatari.

UDZUNGWA NI MAHALI GANI?

Milima ya Udzungwa iko katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Ukitoka Mikumi kwa barabara inayokwenda Ifakara, utasafiri zaidi ya kilometa 60, halafu utafika Mang'ula. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya hifadhi. Upande wa kulia utauona mlima umesimama kama ukuta wa kijani. Upande wa kushoto ni bonde la Kilombero lenye miwa na mpunga.

Serikali iliifanya milima hiyo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,990. Maana yake nini? Fikiri shamba la mraba lenye urefu wa karibu kilometa 45 kila upande. Hiyo ndiyo Udzungwa.

Chini bondeni kuna joto kali. Kilele cha juu kinaitwa Luhombero, nacho kimepita meta 2,500 kutoka usawa wa bahari. Huko juu ni baridi. Kwa hiyo mtu akipanda anapita katika misitu ya namna nyingi, na kila msitu una viumbe wake.

Yapo pia maporomoko ya Sanje. Maji yake huanguka meta 170. Mnazi mrefu una kama meta 25. Panga minazi saba, mmoja juu ya mwingine, ndipo utapata picha ya urefu huo. Njia ya kufika Sanje ni fupi lakini ni ya mpando mkali. Kwenda na kurudi huchukua karibu nusu ya siku.

Wenyeji wa vijiji vya kando wanaujua msitu huu kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi wanawake waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizoanguka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Katika miaka ile mama aliingia msituni akiwa na kamba, akatoka na mzigo kichwani. Hakuwa na nafasi ya kusimama na kutazama juu. Mtu anaweza kupita chini ya mti mmoja miaka ishirini bila kumjua anayelala juu yake.

WANYAMA WA UDZUNGWA

Tembo wapo, na nyati wapo, na chui yupo. Lakini sifa ya Udzungwa hasa ni wanyama ambao hawapatikani nje ya Tanzania.

Kwa nini iko hivyo? Milima hii ni ya zamani sana. Ni sehemu ya safu ndefu inayoanzia Taita, nchini Kenya, na kuishia hapa. Mvua inayotoka Bahari ya Hindi imeiweka misitu yake hai kwa muda mrefu mno, hata nyakati ambazo nchi za tambarare zilikuwa kavu. Msitu wa mlimani ukizungukwa na nyika kavu unakuwa kama kisiwa. Wanyama walio ndani hawatoki, na wa nje hawaingii. Baada ya maelfu mengi ya miaka wanakuwa wa aina yao wenyewe.

Tutataja watano.

1. Mbega mwekundu. Huyu ana utosi wa manyoya mekundu kama amevaa kofia. Hukaa juu mitini kwa makundi makubwa, hula majani machanga, na huruka kutoka mti hadi mti kwa kishindo. Mara nyingi huonekana karibu na Mang'ula. Mgeni asiye na nguvu za kupanda mlima naye anaweza kumwona.

2. Nyani mdogo wa Sanje. Ana manyoya ya kijivu na uso mwepesi usio na weusi. Hutembea sana chini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu. Sauti yake husikika mbali. Anaishi katika misitu miwili tu ya milima hii. Wataalamu walimjua mwaka 1979.

3. Kipunji. Ni mnyama wa jamii ya nyani, ana manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani. Wataalamu walimwona katika mlima Rungwe, mkoani Mbeya, mwaka 2003. Mwaka 2004 aliyeonekana ni kipunji wa msitu wa Ndundulu, huku Udzungwa.

4. Sange mwenye uso wa kijivu. Sange ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayocheza kama mkonga. Huyu wa Udzungwa ni mkubwa kuliko sange wote, ana uzito wa karibu gramu 700. Kamera iliyofichwa msituni ilimpiga picha mwaka 2005. Mwaka 2008 akaandikwa rasmi kuwa ni aina mpya.

5. Kwale wa Udzungwa. Habari ya ndege huyu inachekesha. Mwaka 1991 wataalamu kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi msituni. Chakula kilipopikwa, wakaona ndani ya chungu miguu miwili ya ndege wasiyemfahamu. Walifuatilia, wakagundua kwamba ni kwale ambaye hajaandikwa katika kitabu chochote. Ndugu zake wa karibu wanaishi mbali sana, katika bara la Asia.

Sasa tufikiri kidogo. Tunaposema kwamba mnyama fulani "aligunduliwa" mwaka 1979 au 2003, tuna maana gani? Yule kwale alikuwa chunguni tayari, kwa hiyo yuko aliyemjua hata akamtega. Jina la kipunji halikutungwa na wataalamu. Walilikuta midomoni mwa wenyeji wa Rungwe, waliowaambia habari za mnyama mwenye haya. Mwanakijiji alijua. Kilichokosekana ni kuandika na kuhesabu. Hapo sisi tuliohitimu kisomo tuna neno la kujifunza: elimu iliyo kichwani, isipoandikwa, mwingine huja akaitwa mgunduzi.

KUPANGA SAFARI

Safari ya namna hii hupendeza watu wakiwa wachache. Wanne hadi sita wanatosha. Tuseme mume na mke, pamoja na rafiki zao wawili au watatu. Wakizidi kumi, kelele huwa nyingi na wanyama hukimbia.

Kabla ya kuondoka, mkae kikao. Wanawake wawe katika kikao hicho, wasije wakaambiwa tu siku ya kuondoka. Zungumzeni mambo haya:

Fedha. Kuna kiingilio, kuna malipo ya kiongozi wa njia, na kuna nauli. Mtanzania hulipa kwa shilingi, tena kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni kwanza. Chukueni kitambulisho cha Taifa ili kuonyesha uraia wenu. Kikundi kinaweza kuchanga kidogo kidogo baada ya mavuno.

Afya. Kila mtu aseme ukweli. Kuna mwenye pumu? Kuna mwenye shinikizo la damu? Kuna mama mjamzito? Hao wasifichwe na wasichekwe. Ipo njia fupi isiyochosha kwa ajili yao. Mwenye mafua au kikohozi asubiri apone, kwa maana nyani na mbega huweza kuambukizwa magonjwa yetu.

Mavazi. Vaeni viatu vya kufunga, hata raba za kawaida zinafaa. Kandambili hazifai, njia inateleza. Nguo ziwe za rangi iliyofifia: kijani, kahawia au kijivu. Mama anaweza kuvaa suruali chini ya kanga ili asichanwe na miiba. Msijipake manukato.

Maji na chakula. Kila mtu abebe lita mbili za maji. Viazi vya kuchemsha, mayai au maandazi yanatosha. Mfuko wa takataka ubebwe pia, na yote mliyoingia nayo mtoke nayo.

Jambo la mwisho la kikao ni saa ya kurudi. Mkubaliane kwamba saa fulani ikifika tunageuka, hata kama hatujafika juu. Giza la msituni huingia mapema kuliko la kijijini.

JINSI YA KUTEMBEA

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Katika Udzungwa haruhusiwi mtu kuingia peke yake bila kiongozi. Katika safari ndefu askari mwenye bunduki hufuatana nanyi. Lakini kiongozi hawezi kuwasaidia kama nyinyi wenyewe hamjui kutembea kwa pamoja.

Wakati mmoja tulikwenda watu sita, wanaume watatu na wake zetu. Kiongozi alitupanga mstari. Yeye mbele. Nyuma yake akamweka mke wa rafiki yetu, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatembea polepole kuliko wote. Mwenye nguvu zaidi akawekwa mwisho kabisa.

Rafiki yetu huyo hakufurahi. Akasema, "Huyu akiwa mbele tutafika kesho." Akatupita wote, akapanda kwa haraka. Mara mbili kiongozi alimwita, "Mzee, rudi kwenye mstari." Hakusikia.

Baada ya muda yule mama akasimama. Akainua mkono. Kiongozi naye akasimama, na sote tukasimama. Akanong'ona, "Kuna kitu kinapekua majani pale." Sisi hatukusikia kitu. Tukanyamaza kabisa, tukahesabu pumzi zetu. Ndipo tukasikia majani makavu yakichakarika, na chini ya mti mkubwa tukawaona nyani wa Sanje kama wanane hivi. Mmoja alikuwa amembeba mtoto tumboni. Tuliwatazama kwa muda wa kuchemka chai, wala hawakukimbia.

Rafiki yetu alikuwa juu kilimani anatungoja. Aliposimuliwa hakuamini. Akamuuliza mke wake, "Wewe uliwasikiaje?" Mama akamjibu, "Mimi nilikuwa naenda polepole, baba. Ukienda polepole hushindani na pumzi yako mwenyewe." Kiongozi akacheka, akasema, "Shemeji huyu angefaa kazi yetu." Kuanzia hapo rafiki yetu alikaa nyuma ya mkewe mpaka tukarudi Mang'ula.

Kwa nini mwenda pole awekwe mbele? Sababu ni tatu.

Kwanza, hakuna atakayeachwa nyuma. Katika msitu mtu akiachwa hatua hamsini tu, hamuoni mwenzake tena. Mtu aliye peke yake ndiye anayepotea, na ndiye anayekutana na nyati bila msaada.

Pili, anayetembea kwa haraka hutazama miguu yake. Anayetembea pole hupata nafasi ya kutazama juu, kando na mbele. Macho sita yanayotazama ni bora kuliko macho kumi na mawili yanayotazama chini.

Tatu, wanyama hutishwa na mwendo wa haraka na kishindo. Kundi linalokwenda pole na kusimama mara kwa mara huzoeleka.

Yako mambo mengine ya kukumbuka:

- Anzeni mapema, kama saa moja asubuhi. Jua likiwa kali wanyama wengi hupumzika.
- Nong'oneni. Anayeona kitu asipige kelele, aguse bega la aliye mbele yake na kuonyesha kwa kidole.
- Angalieni upepo. Upepo ukitoka kwenu kwenda kwa mnyama, atawanusa kabla hamjamwona.
- Simameni kila baada ya muda mfupi na kusikiliza. Katika msitu mnene masikio hutangulia, macho hufuata. Tawi likitikisika wakati hakuna upepo, yupo aliyelitikisa.
- Tazameni chini pia. Nyayo, mavi na maganda ya matunda ni kama maandishi. Mtu aliyejifunza kusoma herufi atajifunza kusoma na hayo.
- Msimpe mnyama chakula. Nyani aliyezoea kupewa chakula huwa mwizi na mkali, na taabu yake huwafikia wanaoishi karibu.

HATARI NA NAMNA YA KUJIKINGA

Msitu si mahali pa kuchezea. Haya yafuatayo ni ya kweli hata kwa mtu anayepita njia ya shambani kwake.

Tembo. Msimkaribie hata kama anaonekana mpole, hasa akiwa na mtoto. Akipanua masikio, akitikisa kichwa au kupiga kelele, anawaonya. Rudini nyuma polepole mkiwa pamoja, na mfuate amri ya kiongozi. Msimtupie mawe.

Nyati. Nyati aliye peke yake kichakani ni hatari kubwa. Mkiona nyayo mpya au mavi mabichi, mwambieni kiongozi. Kuzunguka mbali si woga.

Chui. Si rahisi kumwona. Akionekana, msikimbie. Simameni pamoja, mrudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo.

Siafu. Angalieni mnaposimama kupumzika. Mstari wao ukionekana, urukeni na kuendelea.

Nyoka. Wengi hukimbia wakisikia kishindo cha mtu, lakini kifutu hulala palepale njiani akitegemea rangi yake imfiche. Huuma anapokanyagwa. Kwa hiyo usikanyage usipopaona. Gogo likilala njiani, panda juu yake kwanza, tazama upande wa pili, ndipo ushuke.

Mtu akiumwa na nyoka, fanyeni hivi. Mtulizeni na kumlaza. Mvueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, kifungeni na kijiti kama mfupa uliovunjika. Mbebeni upesi hadi hospitali. Msimchanje, msinyonye jeraha, msifunge kamba ya kubana damu. Wala msipoteze muda kumfukuza nyoka ili mumuue. Mnaona hapo umuhimu wa kuwa watu kadhaa: mmoja hukaa na mgonjwa, wengine huita msaada na kumbeba.

FAIDA YAKE NI NINI?

Mtu atauliza, "Nikishamwona mbega mwekundu nitakula nini?" Ni swali la haki. Mkulima ana fedha kidogo na kazi nyingi.

Tunajibu hivi. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Udzungwa ndiyo yanayokwenda katika mashamba ya bonde la Kilombero. Msitu ukiisha, mto hukauka wakati wa kiangazi na hufurika wakati wa masika. Watu wa hapo wameambiwa mara nyingi, "Msikate miti, msitege wanyama." Wameambiwa pia waache kuni, na mzigo huo uliwaangukia kina mama zaidi. Si rahisi mtu kulinda kitu anachokatazwa tu, bila kukiona uzuri wake. Lakini aliyesimama chini ya mti pamoja na mke wake, akawaona wale wanane na mtoto wao, ana sababu yake mwenyewe ya kuulinda msitu. Na ana neno la kusema katika mkutano wa kijiji pale habari za hifadhi zinapojadiliwa.

Faida nyingine ni ya nyumbani. Mume na mke wengi hutembea pamoja kwenda msibani au hospitali tu. Siku moja ya kutembea bila mzigo, mkisubiriana njiani, huwafanya mfahamiane upya. Anayemsubiri mwenzake mlimani atamsubiri na katika mambo mengine.

Kama uko mbali na Udzungwa, usikate tamaa. Karibu na kijiji chako pana kilima, bwawa au msitu wa hifadhi. Ulizia kwa ofisa maliasili kama inaruhusiwa kutembea humo. Chukua daftari na kalamu. Andika tarehe, mahali, mnyama au ndege uliyemwona, na jina lake kwa lugha ya nyumbani kwenu. Usipomjua, waulize wazee. Huenda wao wanamjua tangu zamani, na bado hajaandikwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini katika safari ya mlimani mtu anayetembea polepole huwekwa mbele?
2. Taja wanyama watatu wa Udzungwa ambao hawapatikani nje ya Tanzania.
3. Mtu akiumwa na nyoka, ni mambo gani matatu hayafai kufanywa?
4. Katika kijiji chenu kuna mnyama au ndege ambaye wazee wanamjua lakini vijana hawamjui? Andikeni jina lake na tabia zake.